Kosa Lililo Chini ya Kofia

Leo tutazame swali moja ambalo kila mtu mwenye kazi mikononi hukutana nalo, hata kama hajalipa jina. Swali ni hili: Kosa lisiloonekana na mtu ye yote, je, ni kosa? Seremala hukutana nalo apigiliapo ubao wenye ufa upande wa ukutani. Mwuza mchele hukutana nalo ajazapo kipimo, punje nzima juu na punje zilizovunjika chini. Mwashi hukutana nalo achanganyapo mchanga mwingi na saruji kidogo, akijua ya kuwa lipu itafunika yote.

Mimi nimechagua kazi moja tu, ili tulione swali wazi: kazi ya kufuma sweta ya mwanamume, ile nene ya sufu, yenye misuko kifuani na mgongoni kama kamba zilizosokotwa, na yenye kofia iliyoungana na shingo. Nimeichagua kwa sababu katika kufuma kosa lina mahali pake na saa yake. Mfumaji aweza kulionyesha kwa kidole na kusema: Ni hapa. Tena aweza kufumua mpaka alifikie. Makosa mengi ya maisha yetu hayatupi nafasi ya namna hiyo.

Mtu atasema: Sisi wa Kasongo na Kabambare tuna jua la kutosha, sweta nene ni ya nini? Huyo asema hivyo kwa sababu ni mchana. Wakati wa kiangazi, mwezi wa Juni na wa Julai, yule aondokaye na pikipiki kabla ya mapambazuko hupigwa na baridi kifuani na masikioni. Tena watu wetu husafiri. Mfanya biashara aendaye Bukavu hufika mji ulio juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,500 hivi, na usiku wa huko si usiku wa kwetu. Mtu kama huyo hatafuti pambo. Atafuta nguo nzito ya kifua, na kofia ya kuvuta kichwani upepo uvumapo.

Sasa tuelewe kazi yenyewe, kwani hatuwezi kuhukumu kosa la kazi tusiyoijua. Mshonaji huchukua kitambaa kilichokwisha kuwa kitambaa, akakikata na kukishona. Mfumaji hana kitambaa. Ana uzi mmoja mrefu na sindano mbili, za chuma au za mwanzi uliosuguliwa, naye huanza bila kitu. Huvuta kitanzi ndani ya kitanzi, safu juu ya safu, na kila kitanzi hushikwa na kile kilicho juu yake. Hapana fundo kati yao. Kwa hiyo nguo iliyofumwa hunyoka na kurudi, nayo hushika joto la mwili; lakini pia kwa sababu hiyo hiyo ina hatari yake. Kitanzi kimoja kikiponyoka, hakianguki peke yake. Humwachia aliye chini yake, naye humwachia wa chini zaidi, mpaka njia ndefu ifunguke katika nguo kama ngazi.

Nayo misuko hufanywa hivi. Tuseme msuko ni wa vitanzi 6. Mfumaji hutoa vitanzi 3 vya kwanza, akaviweka katika sindano ya tatu iliyo fupi, bila kuvifuma. Hufuma vitanzi 3 vinavyofuata, kisha huvirudia vile vilivyongoja. Hapo kundi moja limevuka juu ya lingine. Akiviweka vile vya kungoja mbele ya kazi, msuko huelekea kushoto. Akiviweka nyuma, huelekea kulia. Baada ya safu 6 au 8 huvuka tena, na polepole kamba hupanda kifuani. Wale wasukao ukili wa mkeka watanielewa upesi: jani moja likipita chini mahali pa kupita juu, mkono haujui, lakini jicho hujua baadaye.

Tupige hesabu kidogo, kama watoto wa shule. Tuseme mgongo una vitanzi 110 kwa upana na safu 170 kwa urefu: hivyo ni vitanzi 18,700. Kifua ni vivyo hivyo; pamoja ni 37,400. Mkono mmoja, tukichukua vitanzi 60 kwa safu 120, una 7,200. Mikono miwili ni 14,400. Kofia, vitanzi 90 kwa safu 80, ni 7,200 tena. Jumla yote ni 59,000. Mwenye kufuma vitanzi 25 kwa dakika atatumia saa 39 na zaidi, asipopumzika, tena kabla ya kuhesabu kuvusha misuko na kuunganisha vipande. Uzi utakaotumika hukaribia kilo moja, kwa sababu misuko huivuta nguo na kuila sufu. Basi katika vitanzi 59,000, kosa moja ni nini?

Hebu tuweke mfano mbele yetu. Mama mmoja mfumaji, tumwite Mama Fulani, ameagizwa sweta ya namna hiyo na kijana mwendesha pikipiki. Nusu ya malipo amekwisha kuipokea, naye ameinunulia uzi. Kijana atakuja kesho asubuhi. Usiku, mbele ya taa, kazi imekwisha na kofia imeunganishwa. Mama anaigeuza nguo, na juu ya mgongo, kati ya mabega, anaona mambo mawili. La kwanza, kitanzi kimoja kiliponyoka zamani, nacho kinaning'inia. La pili, msuko mmoja umevuka kulia mahali pa kuvuka kushoto, hata kamba inaonekana kana kwamba imekatika. Lakini kofia ikishushwa hulala juu ya mahali hapo hapo na kuyafunika yote mawili. Na kofia ikivaliwa, ni nani atazamaye mgongo wa mtu apitaye njiani gizani?

Dada yake aliye kando anamwambia: "Dada, funika ulale. Asiyejua haumii."

Basi, je, dada huyo amesema kweli?

Tusifanye haraka kumhukumu. Yeye si mwizi. Anamhurumia dada yake aliyechoka, na neno lake ni neno ambalo wengi wetu tumelisema au kulifikiri. Tulipime.

Tazameni kwanza lile kosa la kitanzi kilichoponyoka. Hapo neno la dada si kweli. Kitanzi hicho hakionekani leo, lakini hakikukubali kukaa kimya. Nguo itafuliwa, itavutwa na mabega, itabeba uzito wa mvua. Siku moja kitanzi kitashuka, na ngazi itafunguka mgongoni, huko mbali, katika baridi, mahali ambapo Mama Fulani hayupo. Kumbe kosa hilo halikuwa lisiloonekana. Lilikuwa halijaonekana bado. Jicho la mnunuzi halikuliona, lakini mwili wake utaliona. Ndiyo maana wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye kuficha kosa la namna hii hakuliondoa umivu. Aliliahirisha tu, tena akaliahirisha mpaka saa ambayo yeye mwenyewe hatakuwapo kuulizwa. Tusiite jambo hilo huruma.

Kwa bahati njema, kosa hilo lina dawa. Kitanzi kilichogunduliwa mapema hupandishwa tena kwa ndoano, safu kwa safu, mpaka kwenye sindano. Kilichogunduliwa baadaye hushikwa kwa kipande cha uzi upande wa ndani na kufungwa imara. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Kiraka chenye nguvu sawa na nguo si udanganyifu, kwa maana kinafanya kazi ile ile ambayo mnunuzi aliilipia.

Lakini sasa tuje kwenye kosa la pili, na hapo ndipo swali letu linapokuwa gumu. Msuko uliovuka upande usio wake hautafunguka kamwe. Vitanzi vyake vimeshikana sawasawa na vingine. Nguo itakuwa na joto lile lile na nguvu ile ile. Kijana ataivaa miaka mingi, mpaka ichakae, asijue. Kwa kawaida kuusahihisha ni kufumua kofia, kufungua mabega, na kurudi safu nyingi; labda siku mbili za kazi. Je, Mama Fulani azitoe siku mbili kwa ajili ya kitu ambacho hakitamwumiza mtu?

Wakatekumeni wengi watajibu upesi: Ndiyo, kwa sababu Mungu aona. Jibu hilo ni la kweli, lakini tusilifanye fimbo ya kufukuzia fikira. Kumbukeni ya kuwa katika wakati wa Wabelgiji watu wa Maniema walilimishwa pamba kwa lazima, chini ya macho ya wasimamizi. Msimamizi akitazama, jembe hupanda na kushuka. Akipa kisogo, jembe husimama. Tusimfanye Mungu kuwa msimamizi wa namna hiyo, na mioyo yetu kuwa kama mikono iliyolazimishwa. Kitu hakiwi kibaya kwa sababu kimeonekana, wala hakiwi chema kwa sababu kimefichika. Mungu akiona kosa letu, ataona nini ndani yake? Hilo ndilo la kutafuta. Na nionavyo mimi, ataona jirani yetu.

Fikirini: kijana yule anapolipa, anatoa vitu viwili. Kimoja ni fedha, kingine ni imani yake kwa mfumaji. Hawezi kuvihesabu vitanzi 59,000. Hajui msuko wa kushoto wala wa kulia. Anaitazama nguo kidogo, kisha anamtazama mfumaji usoni, na kwa sababu ya uso huo anatoa fedha. Kwa hiyo mfumaji hushika mkononi mwake kitu cha mwenziwe ambacho mwenziwe hawezi kukilinda mwenyewe. Mtu asiyeweza kukagua ni kama mtu aliyefumba macho akanyosha mkono ili aongozwe. Hata ukimfikisha salama, ukimwongoza kwa njia uliyomwambia siyo, umemdanganya.

Walakini hapa ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kosa la mkono na kosa la moyo. Mkono wa binadamu hukosea. Kuvusha msuko upande usio wake usiku, macho yakiwa mazito, si dhambi, wala hakuna mfumaji asiyepatwa na jambo hilo. Kosa la moyo huanza baadaye, nalo huanza wakati unaojulikana: nilipojua, kisha nikapanga wewe usijue. Siku ile kofia ilipolala juu ya msuko kwa sababu ya umbile lake tu, hapakuwa na uovu. Lakini mfumaji akiikunja nguo kwa namna ya pekee, akimpa kijana upande wa kifua, akisema maneno mengi ili asiigeuze, hapo kofia imekuwa uongo, ijapokuwa mdomo haukusema uongo wo wote.

Basi, kama ubaya uko katika kuficha, dawa yake ya kwanza ni kusema. Dawa ya kufumua huja baadaye. Mama Fulani aweza kumwambia kijana: "Mwanangu, tazama hapa chini ya kofia. Msuko huu ulivuka vibaya. Nguvu ya nguo haikupungua. Ukitaka, nitafumua, nawe utangoja siku mbili. Ukiipenda hivi hivi, nitakupunguzia kidogo." Maneno hayo ni ya nusu dakika. Kijana aweza kucheka na kusema, "Mama, njiani nani atautazama mgongo wangu?" akaichukua kwa furaha. Aweza pia kusema angoje. Kila moja ni haki yake. Hatukumnyang'anya uamuzi wake. Na tazameni jambo la ajabu: nguo ni ile ile, msuko ni ule ule, kofia imelala mahali pale pale, hata hivyo nguo ya kwanza ilikuwa ya udanganyifu, na hii ya pili ni ya haki. Hapana kitanzi hata kimoja kilichobadilika. Kilichobadilika ni kile kilicho kati ya watu wawili.

Mtu ataniuliza: Je, na wale maskini? Mama Fulani ana watoto. Kijana akisikia habari ya kosa, huenda akakataa nguo, au akadai nusu ya bei kwa kosa lisilo na uzito wo wote. Mwenye njaa aweza kununua ukweli kwa bei hiyo?

Swali hilo ni la haki, wala sitalijibu kwa maneno mepesi. Nasema hivi: mzigo wa ukweli haukuwekwa juu ya kichwa cha mwuzaji peke yake. Mnunuzi naye ana sehemu yake. Yeye atakaye sweta ya saa 39 kwa bei ya nguo ya mitumba, tena aitakaye kesho, ameanza kulifuma kosa kabla mfumaji hajashika sindano. Na yule ambaye, akiambiwa ukweli, huutumia kama fimbo ya kumpunja aliyemwambia, huwafundisha wafumaji wote wa kijiji kunyamaza. Baadaye atalalamika ya kuwa mafundi ni waongo. Lakini shule ya uongo huo ni yeye aliyeifungua. Mwaka wa 1891 Baba Mtakatifu Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum, alifundisha ya kuwa mapatano ya mshahara hayatoshi yakiwa mfanya kazi amekubali kwa kulazimishwa na shida. Mshahara sharti uweze kumtunza mtu mwenye kiasi. Fundisho hilo si la viwanda vikubwa tu. Linaingia hata katika nyumba ya mama mwenye sindano mbili. Ukiagiza kazi, lipa bei inayomwezesha fundi kukuambia kweli.

Tena tusidhani ya kuwa kosa la kufichwa huwaumiza watu wawili tu. Katika Uingereza, katika nchi ya Nottingham, watu wengi waliishi kwa kufuma soksi kwa mitambo ya mkono, ambayo ya kwanza ilibuniwa na William Lee mwaka wa 1589. Zaidi ya miaka 200 baadaye, wafanya biashara wengine walianza kufumisha kitambaa kipana, wakakikata kwa makasi na kukishona kiwe soksi. Dukani soksi hizo zilifanana na zile njema, tena zilikuwa rahisi. Lakini vitanzi vilivyokatwa havina kitu cha kuvishika. Baada ya kuvaliwa kidogo, mshono ulifunguka. Wanunuzi walipokwisha kudanganywa, hawakujua tena soksi ipi ni njema, na bei ya zote ikashuka, hata ya wale wasiodanganya. Hilo ndilo mojawapo la malalamiko ya wafumaji wa huko walipoanza kuvunja mitambo mwaka wa 1811. Na mwaka wa 1812 serikali iliweka sheria ya kuwaua wavunjaji. Sisifu kuvunja mali ya watu. Lakini tuone chanzo: kosa lililofichwa ndani ya mshono wa soksi lilikula mkate wa watu ambao hawakulifanya. Imani ya wanunuzi ni kama kisima cha kijiji. Mmoja akikichafua, wote hunywa tope.

Wala mtu asiseme: Hayo ni maneno ya wanawake, kwa kuwa kufuma ni kazi ya wanawake. Ni kweli ya kuwa katika Kongo ya Wabelgiji na jirani zake kazi hiyo ilifundishwa wanawake katika nyumba zilizoitwa foyer social. Ile ya Usumbura, ndiyo Bujumbura ya sasa, ilianza mwaka wa 1946. Lakini huo ni mpango wa watu, si sheria ya uumbaji. Katika kisiwa cha Taquile, ndani ya ziwa Titicaca nchini Peru, wanaume ndio wafumao kofia za sufu kwa sindano, na mwaka wa 2005 UNESCO iliitangaza sanaa ya nguo ya kisiwa hicho kuwa urithi wa wanadamu wote. Hata karibu nasi, kati ya Wakuba wa Kasai, wanaume ndio wafumao kitambaa cha rafia, na wanawake hukipamba. Mikono hubadilika kwa nchi na nchi. Swali la kosa lililofichwa halibadiliki.

Bado liko neno moja la kupinga, nami nalipenda kuliko yote. Mwaka wa 1904, mjini Dublin katika nchi ya Ireland, ulichezwa mchezo wa J. M. Synge uitwao Riders to the Sea, habari ya watu wa visiwa vya Aran, visiwa ambavyo vimezipa jina sweta za misuko kama hizi zetu. Katika mchezo huo kijana mvuvi amezama, na nguo chache zinaletwa kutoka mbali ili ijulikane kama ni zake. Dada yake anaitazama soksi, anavihesabu vitanzi, anakumbuka ya kuwa alianza na vitanzi 60 na kwamba 4 vilimponyoka. Hesabu inapatana. Kwa hiyo wanajua ya kuwa kaka yao amekufa. Mtu aweza kusema: Tazama, hapo kosa ndilo lililosema kweli. Kama soksi ingekuwa kamilifu, ingefanana na soksi zote.

Ni kweli, nami nafurahi kulikubali jambo hilo, kwa maana linatuzuia tusiwe wakali kuliko ukweli wenyewe. Kosa la mkono laweza kuwa alama ya mkono. Sweta isiyo na kosa hata moja mara nyingi ni ya mashine, na mashine haikumpenda mtu. Lakini angalieni vema yule dada: alilijua kosa lake, alilihesabu, akalikumbuka kwa hesabu kamili. Wala soksi ile haikuwa bidhaa aliyomwuzia mgeni kwa kujificha. Ilikuwa ya kaka yake. Kosa lililojulikana na kushikwa kama lilivyo lilimtumikia katika saa ya uchungu. Lingekuwa limefichwa hata kwake mwenyewe, lisingemfaa kitu. Kwa hiyo mfano huu hauvunji neno letu, unalikaza. Si ukamilifu unaotakiwa kwetu. Kinachotakiwa ni kuujua upungufu wetu na kutoufanya mtego.

Je, na nguo ya zawadi? Wengine hufikiri ya kuwa kitu cha bure hakina sheria: aliyepewa ashukuru tu. Mimi naona kinyume. Mnunuzi aweza kurudi na kulalamika. Maskini aliyepewa hawezi, kwa maana haya humfunga mdomo. Katika Matendo ya Mitume tunasoma habari za Tabita wa Yopa, aliyewafanyia wajane nguo. Alipokufa, wajane walisimama wakilia, wakamwonyesha Petro kanzu na mavazi aliyoyafanya. Hawakuwa na usemi mwingine juu yake; nguo zake zilisema. Kama zingekuwa nguo za kuachia mshono baada ya mwezi mmoja, wajane wangeonyesha nini? Kazi tumpayo asiyeweza kutudai, hiyo ndiyo ipimayo moyo wetu.

Basi, nikusanye maneno. Mwenye kuona kosa katika kazi yake ajiulize mambo matatu.

La kwanza: Kosa hili litamdhuru atumiaye, sasa au baadaye? Kama litamdhuru, lisahihishe, hata kama ni usiku na taa inakwisha mafuta. Hapo hapana mashauri.

La pili: Je, naweza kulionyesha kwa kidole mbele ya mwenye kununua? Kama naweza, na nilionyeshe, naye achague. Kama siwezi, kama ulimi wangu unakuwa mzito, basi uzito huo ni ushahidi. Nafsi yangu imekwisha kujua ninalotaka kulificha.

La tatu: Kwa nini nilikosea? Mchana nilikuwa na haraka? Nilikubali bei isiyoniruhusu kufanya kazi vema? Kosa moja husahihishwa kwa sindano, lakini desturi ya kukosea husahihishwa kwa kubadilisha mapatano. Haraka haraka haina baraka, na haraka ya mnunuzi haina baraka zaidi.

Na ikiwa jibu la yote ni kufumua, fumua bila kilio. Kazi nyingi hazina njia ya kurudi. Ubao uliokatwa mfupi haurefuki. Chungu kilichopasuka motoni hakiwi udongo tena. Lakini uzi uliofumuliwa ni uzi. Huwa na mikunjo ya safu zake za kwanza, ndiyo. Ukiulowesha na kuuanika umenyoshwa, hunyoka, ukafumwa upya. Saa zimepotea, uzi haukupotea, wala mkono haukupotea, na mkono uliofumua mara moja kwa sababu ya haki hufuma mara ya pili kwa macho makini zaidi.

Tunarudi kwa dada yule aliyesema, asiyejua haumii. Sasa twaweza kumjibu kwa upole: Dada, katika nyumba hii yupo mmoja ajuaye. Ni yeye aliyeshika sindano. Yeye atalala na kosa hilo, ataamka nalo, na kijana akimsalimu njiani kwa furaha, akimwita mama, ataitikia huku akitazama kofia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nacho humtembeza aliyekifanya pia.

Mzungumze haya katika mafundisho yenu:

1. Katika kazi yako, ni mahali gani ambapo mnunuzi hawezi kukagua, ila sharti akuamini?

2. Fundi akikuambia ukweli juu ya upungufu wa kazi yake, je, wewe humtendeaje?

3. Kati ya kusahihisha na kusema, lipi ni gumu kwako zaidi, na kwa nini?